Siku Bibi Alipoingia Kwenye Gwaride

Mwezi uliopita nilikuwa Mkomaindo, Masasi, nimemsindikiza shangazi hospitali. Tulipochoka kusubiri nikatoka kutafuta chai, na pale kibandani televisheni ilikuwa inaonyesha kamanda mmoja akiagwa na kikosi chake. Bendi inalia, buti zinapiga chini, wazee wa vita wamekaa kwenye viti vya plastiki, vifua vimejaa nishani. Wenzangu walitazama wakiendelea kula chapati. Mimi, rafiki yangu, chai ilipoa mkononi. Kwa mawazo nilikuwa nimeshapanda Newala, nina miaka tisa au kumi, nanuka moshi wa kuni.

Nimelelewa na bibi, mzaa mama, kwenye nyumba ya udongo jirani na kambi ya jeshi. Tarumbeta ya alfajiri ikilia, bibi anachochea moto. Ya jioni ikilia, tunaanua mihogo iliyoanikwa. Msimu wa korosho kijiji kizima kilinukia mabibo yaliyoiva kupita kiasi, na sisi watoto tulikuwa na madoa kwenye nguo yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Tulikula ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha, tunatafuna, tunatema nyuzi, tunacheka.

Kitu kilichokosekana ni maji. Yalikuwa chini bondeni, nasi tulikaa juu. Tulishuka mteremko gizagiza tukiwa wepesi, tukapanda na ndoo kichwani, shingo imekaza. Katikati ya njia palikuwa na mahali ambapo bibi alikuwa akishusha ndoo yake, hata kama hajachoka, akatazama upande wa Ruvuma. Hapo ndipo aliponihadithia. Wakati wa vita vya ng'ambo, Mreno alipokuwa bado yuko upande wa pili wa mto, wanajeshi wetu walikaa kwenye mahandaki ukingoni mwa uwanda wa juu. Wanawake wa kwetu, wa Kitangari na wa Mnyambe, ndio waliowapelekea maji, na watoto wakiwa mgongoni. Siku moja ndege ya Mreno ikapita chini sana, wakajitupa chini. Dada yake bibi, aliyekuwa mbele yake, hakuinuka tena.

"Ni hapa," bibi alikuwa akisema, kisha anajitwisha ndoo. "Haya, twende."

Basi ikafika siku ya kuagwa kamanda wa kambi yetu. Alikuja Newala kijana mdogo, askari wa kawaida, miaka hiyohiyo ya mahandaki. Akahamishwa huku na huko, akapanda vyeo, akarudi kukiongoza kikosi kilekile, na sasa alikuwa anastaafu. Wazee wote waliolinda mpaka waliitwa. Jirani yetu, aliyekuwa mgambo, alipiga pasi shati lake mpaka tukaogopa litaungua. Kwa bibi akaja mwenyekiti wa kijiji.

"Nyinyi akina mama tumewaachia pilau," alisema, kama anayegawa zawadi.

"Pilau tutapika," bibi akajibu.

Wakapika kweli, nyuma ya bwalo, kwenye masufuria makubwa. Sisi watoto tulijipanga kando ya uwanja. Kipaza sauti kilipowaita wazee wa vita wajipange, nikamwona bibi anafuta mikono kwenye khanga, anaweka upawa chini, anawaambia wenzake jambo kwa Kimakonde. Wakaacha moto unawaka. Wakakatiza uwanja mzima, mbele ya wageni, wanawake wazee wenye jivu miguuni, wakasimama mwisho wa mstari wa wanaume.

Ofisa mmoja kijana akawakimbilia. "Mama zangu, samahani, jikoni ni kule."

"Napajua jikoni. Nimetoka huko."

"Lakini mstari huu ni wa waliokuwa vitani."

"Basi niko mahali pangu."

Jirani yetu akamnong'oneza bibi kwamba anawaaibisha. Bibi hakumgeukia. Kamanda alikuwa anakuja, anashika mikono ya wazee mmoja mmoja, mpaka akamfikia.

"Shikamoo, mama."

Bibi hakuitikia. Kwetu, kunyima marahaba si jambo dogo. Akamuuliza, "Baba, ulipokuwa kijana kule handakini, maji ulikuwa unaletewa na nani?"

Kamanda akajibu, "Na akina mama."

"Dada yangu alikufa akikuletea maji. Leo unaaga kila mtu. Yeye utamwaga lini?"

Nilidhani watamtoa kwa nguvu. Kamanda akavua kofia, akainama, akamuuliza jina la dada. Kisha akaacha kukagua mstari, akarudi kwenye kipaza sauti, na ile hotuba yake akaiweka pembeni. Akasema kuna askari wa kikosi hiki hakuwahi kuvalishwa sare, na jina lake ni Salome.

"Somoe!" bibi akapaza sauti kutoka mstarini.

"Somoe," kamanda akarudia. "Nisamehe, mama. Somoe."

"Marahaba," bibi akasema.

Gwaride lilipopita mara ya mwisho, wanawake walipita nalo. Hatua hazikulingana, mikono ilikwenda ovyo, mmoja kandambili ikamvuka akaiacha hapohapo uwanjani. Wazee wa mgambo wakafupisha hatua ili wasiwaache, na jirani yetu akiwamo. Pilau, bila shaka, likaungua. Mwenyekiti alipokuja kulalamika, bibi alimpakulia la chini kabisa, jeusi, akasema, "Kula." Kamanda naye alikula hilohilo, sahani nzima.

Siku hizi kambi ile imehamishwa. Uwanja umepandwa mikorosho, na bomba limefika karibu na milango ya watu, jambo ninaloshukuru kwa shingo yangu yote. Bibi amekufa, na wenzake wote wa siku ile wamekufa. Njia ya mteremko imeota majani, hata mahali pa Somoe sina hakika tena kama napajua vizuri. Juzi kijana mmoja, msomi wa kwetu, aliniambia wanawake wakati wa vita walikuwa wapishi tu. Nilimkalisha chini. Alisema ana haraka. Nikamwambia asubiri, maana walionipa habari hizi hawakuwa na haraka walipopanda mteremko ule, na sitaifupisha habari yao kwa ajili ya mtu yeyote.