Kanisa Zima Lilimwombea Askari Wangu

Wacha nianze na aibu yenyewe kabla nibadilishe nia: nilisimama kanisani, mbele ya watu wazima, nikaomba waniombee mtu wa kwa TV. Wakamwombea. Wiki tano.

Mimi huuza chapati na maharagwe sokoni Tulia. Shule niliachia form two, lakini kwa mambo ya drama mimi ni profesa. Kila Alhamisi jioni nilikuwa nafunga kibanda mapema naenda kwa rafiki yangu, fundi wa nguo, kwa sababu yeye ako na sola na TV. Tulikuwa tunafuata drama moja ya maaskari wanaosimamia jela ya wanawake. Kulikuwa na askari mmoja mpole, mama wa watoto wawili, funguo zinalia kiunoni kama kengele ya mbuzi. Mkubwa wake alikuwa anamsingizia ati ametorosha mfungwa. Nilimpenda huyo mwanamke. Hata nikikanda unga namuwaza.

Sasa Jumapili moja, mama mchungaji akauliza nani ako na mzigo tuuombee. Machozi yakanitoka, kwa sababu hiyo Alhamisi askari wangu alikuwa amefungiwa kwa seli ileile alikuwa anafungia wengine. Nikainuka. Nikasema, "Kuna dada mmoja ni askari wa jela ya wanawake. Wamemsingizia. Wamemfungia." Nilikuwa nataka kuongeza "kwa TV." Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini kanisa likasema "Ooo, Yesu" kwa pamoja, mama mchungaji akanishika mabega, na hiyo "kwa TV" ikarudi tumboni ikakaa.

Rafiki yangu fundi alikuwa kwa benchi ya nyuma yangu. Sikugeuka.

Kutoka hapo mimi ndio nikawa mfungwa. Naenda kuchota maji, naulizwa, "Yule dada anakula huko?" Napitia posho mill kusaga unga, "Na watoto wanakaa na nani?" Nilijibu tu vile drama ilikuwa imesema, ndio nijidanganye sijadanganya. Yule wa kwa TV angalau alijua mlango wake uko wapi. Wangu kila nikiusukuma, upande ule mwingine kuna mtu anaomba.

Mbaya zaidi alikuwa susu mmoja wa kanisa letu. Susu ni nyanya kwa Kikamba, na huyu alikuwa wa kila mtu. Daktari alimkataza kufunga kwa sababu ya sukari. Jumatano anakuja kibandani, anaegemea meza, ananiambia, "Leo sijaonja hata chai. Huyo mtoto atatoka."

Mimi hapo na chapati moto mkononi. "Susu, kula hii."

"Nikule na yeye ako ndani? Wewe umekula?"

Nilikuwa nimekula tatu.

Jumatano ya tano alikaa chini kwa vumbi kabla afike mezani. Nikaona huyu mama atakufa kwa sababu ya TV. Jumapili nikasimama, nikatangaza dada ameachiliwa. Kwa drama alikuwa bado ndani, lakini mimi nilimtoa kwa nguvu. Watu wakapiga makofi, susu akacheza na fimbo yake. Nikakaa nikiwa mwepesi, kumbe nimesahau desturi ya kwetu: aliyejibiwa maombi husimama mbele yeye mwenyewe atoe ushuhuda.

"Aletwe Jumapili ijayo," mama mchungaji akasema.

"Amerudishwa kazini, hawezi kupata ofu."

"Basi tutamfuata kazini. Kina mama, Jumamosi."

Jumamosi asubuhi walikuwa nje ya kanisa na leso zao za sare, na sabuni, sukari, pedi za wafungwa, na ndengu gunia zima. Gari lilikuwa limekuja. Susu alikuwa amesuka kyondo, kikapu kadogo, kazuri, mkanda wa ngozi.

"Ataweka funguo," akaniambia. "Ulisema ni nzito. Zisimvute kiuno."

Hapo nikaisha.

"Mama mchungaji," nikasema, "huyo dada hayuko."

"Ameingia shifti?"

"Ako kwa TV."

Mama mmoja akaweka sukari chini polepole kama yai. Nikaeleza yote, hata zile chapati tatu. Ni susu aliongea kwanza.

"Kwa hivyo hajatoka?"

"Bado, susu."

"Na wafungwa? Hao wako, ama pia ni wa TV?"

"Hao wako."

"Basi twende. Ndengu haiwezi kurudi nyumbani." Lakini kabla apande alinyoosha mkono kwangu. "Leta chapati kwanza."

Nilikuwa nazo za safari. Alikula mbili, amesimama, bila kuniangalia. Njia yote mpaka jela ya wanawake ya Kitui hakuna mtu aliniongelesha. Nilikalia gunia.

Kwa geti tulipokewa na askari mwanamke wa ukweli. Hakuwa mpole. Alihesabu sabuni mara mbili na akapasua paketi ya sukari kuangalia. Susu akamnyooshea kyondo. Akakageuza, akauliza ni ka nini.

"Ka funguo."

"Mama, hatuwekangi funguo kwa kikapu," akasema. Lakini alikaweka kwapani, na tulipotoka kalikuwa bado hapo.

Niliambiwa nisishike maiki mpaka Disemba.

Jioni nilipitia kwa fundi. Alikuwa kwa cherehani, anakata uzi na meno.

"Ulijua kutoka siku ya kwanza," nikamwambia. "Mbona ulininyamazia?"

"Nilijua. Hata mimi nilifunga siku mbili."

"Kwa ajili ya mtu wa TV?"

"Sasa ungetaka nimuache huko ndani?"