Glasi ya Kwanza ya Reuben

Tangu aingie Doha, Cyrus amekuwa akimimina bia katika baa ya hoteli kwa watu wasiomtazama usoni. Wanatazama glasi. Mkono unanyooshwa, unapokea, na mazungumzo yanaendelea kana kwamba bia imejimimina yenyewe. Yeye halalamiki. Anaipenda kazi yake na anaifanya vizuri, jambo ambalo wenye vyeo wengi hawawezi kulisema kuhusu kazi zao bila kuona haya.

Ila kwao Akinyi, mpenzi wake wa palepale Doha, kazi hiyo ilinuka. Mama mtu alisikia neno "baa", akaona mlevi. Ndipo Reuben, kaka mkubwa wa Akinyi na dereva wa basi la kampuni kule Sanaiya, eneo la viwanda la mji huo, akaagizwa aende akamkague huyu anayetaka kumwoa binti yao, kisha apige simu jioni aseme kama anafaa.

"Pika tu pilau, ununue soda," Akinyi alimshauri.

"Nikiificha kazi yangu leo, nitaificha mpaka lini?"

Cyrus alikuwa na kibali cha kununua pombe. Akanunua kegi ndogo, pipa la chuma lenye bia, akaipeleka chumbani kwake Al Rayyan, akaifungia pampu ya mkono, ile ya kusukuma hewa ndani ili bia itoke kwa mpira. Usiku akaijaribu kidogo, akaridhika, akaiacha ndani ya beseni la barafu.

Ijumaa mchana Reuben akafika. Alikuja kwa metro, maana palipo na bia hakutaka mchezo na usukani.

"Hii nayo ni nini? Mtungi wa gesi?"

"Bia ya kegi, mzee."

"Kegi! Nimepanda ndege kutoka Kisumu nije kunywa kegi, pombe ya bei rahisi ya kwetu?"

"Onja kwanza, ndio uanze kelele," Akinyi akamwambia.

Cyrus akasukuma pampu taratibu, akainamisha glasi chini ya mpira. Ilipojaa nusu, akainusa, akageuka, akaanza kuimwaga kwenye sinki.

Reuben akasimama. Akinyi akafumba macho.

Kwao Reuben, kinywaji cha kwanza kutoka chomboni ni cha mkubwa aliyepo. Kukimwaga mbele yake ni kumwonyesha mlango. Cyrus hakuwa amefikiria hilo hata kidogo. Kazini mkono wake humwaga glasi ya kwanza kila siku bila kumuuliza.

"Umefanya nini?" Reuben aliuliza kwa sauti ya chini, ambayo ilikuwa mbaya kuliko makelele.

"Kaka, sikia..."

"Nyamaza, Akinyi. Namuuliza yeye."

Cyrus angeweza kupiga magoti. Wako watu wengi katika mji huu waliofundishwa kuomba msamaha kabla hata ya kujua kosa lao. Yeye alisimama wima.

"Mzee, hiyo ililala ndani ya mpira tangu jana. Sikutaka ikufike mdomoni. Sikukumbuka kwamba ya kwanza ni haki yako, na hapo nimekosa. Lakini imebaki kidogo. Ukiitaka, siwezi kukunyima."

Akamnyooshea glasi kwa mikono miwili.

Reuben akaipokea, akamtazama, akainywa yote kwa mkupuo. Uso ukajikunja.

"Eh! Nimelamba tairi!"

Akinyi alicheka hadi akaegemea friji. Cyrus akamimina nyingine, ya baridi, yenye povu jeupe juu. Reuben akanywa polepole, akafuta sharubu.

"Hii sasa ndiyo bia. Na wewe mbona hunywi?"

"Nikishaona mgeni yuko sawa."

"Na wewe, nani hukumiminia?"

Cyrus akafikiri. Hakumpata mtu.

"Kaa chini," Reuben akamwamuru, akaishika pampu, akaisukuma kwa nguvu zake zote.

"Polepole, mzee! Polepole!"

Povu likamrukia hadi kwenye kiwiko. Glasi aliyoileta ilikuwa na bia kidogo sana chini ya povu. Cyrus aliipokea akiwa ameketi kwenye kiti chake mwenyewe, na hakuiacha mpaka ilipokwisha.

Jioni Reuben akapiga simu, akaweka sauti ya nje.

"Analewa?" mama akauliza.

"Amekunywa glasi moja, mama, na hiyo nimemlazimisha mimi. Povu tupu."

"Basi ni mtu wa aina gani?"

Reuben akamtazama Cyrus, aliyekuwa akisuuza mpira kwa maji ya moto.

"Amenimwagia glasi yangu ya kwanza nikiona, halafu akanieleza sababu bila kutetemeka."

"Amekumwagia bia? Wewe?"

"Nitakueleza vizuri, mama. Kwanza mwambie baba atafute siku ya kuwapokea wazee wa Cyrus, waje kuposa."