Wema Hakuna Pango

Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, kisha aniache niseme. Haya yalinipata mimi mwenyewe, si jirani wa shangazi yangu. Sikuwa nimelala, sikuwa na homa, na pombe sijawahi kuionja. Nilikuwa kazini. Na kwa kuwa hasira haijanitoka, usitarajie nikusimulie kwa upole.

Kazi yangu ilikuwa popo. Mimi ni mwenyeji wa Garsen, na kwa miaka kumi na moja nimewatega popo wa matunda kandokando ya Mto Tana, kuanzia Hola hadi Kau. Tunawanasa kwa nyavu nyembamba, tunawapima, tunachukua mate na damu kidogo ili kutafuta vijidudu vya magonjwa, kisha tunawaachia. Watu hudhani popo ni popo tu. Wapi! Kuna popo wa pangoni, wa kahawia mtupu, hana alama usoni. Huyo ndiye anayejulikana kubeba virusi vya ile homa ya kutoka damu, inayowatisha hata madaktari. Na kuna yule mwenye vishungi vyeupe kwenye mashina ya masikio, ambaye dume lake lina manyoya meupe mabegani kama cheo cha askari. Huyu hulala mitini, hula tini za mikuyu na maembe, na giza likiingia hulia kama mtu anayegonga kikengele. Wote si wa kushikwashikwa. Lakini ukiwachanganya, utatafuta ugonjwa mahali usipokuwepo, na ule uliopo utaendelea kuua.

Mwaka huu, mafuriko yalipopungua, homa iliingia kijiji cha Wema, ukingoni mwa mto. Maji yalikuwa yamesimama mashambani na mbu walikuwa wengi hata ukifungua kinywa unawameza. Mama Rehema akaugua. Alikuwa mkulima wa mpunga, mjane mwenye binti mmoja, na msimu wa maembe alikuwa akiyapeleka kuuza Garsen. Nilimjua vizuri. Nilikaa kitandani pake, nikamshika mkono, nikamtoa damu na kumbandika plasta. Kando yake kulikuwa na kadi ya zahanati. Imeandikwa malaria. Niliisoma kwa macho yangu haya.

Kesho yake akafariki.

Siku hiyohiyo mkuu wa mradi wetu wa kupima popo, ambaye sote tulimwita Daktari, alikuja kutazama popo tuliowanasa kwenye mkuyu mkubwa wa ukingoni. Wote walikuwa na vishungi vyeupe. Wote! Akawatazama juujuu, akasema, "Andika popo wa pangoni."

"Daktari, hawa si wa pangoni. Tazama masikio. Na yule mama alikuwa na malaria, kadi nimeiona."

"Malaria kila mtu anayo," akasema. "Mkataba wako unaisha lini?"

Nilimwelewa. Nami nikaandika. Nikatia sahihi. Usinihurumie, sikuja hapa kuhurumiwa.

Asubuhi iliyofuata karatasi yangu ilisomwa barazani kwa chifu, ikasemwa Mama Rehema ameuawa na homa ya popo wa pangoni, maiti bado haijazikwa. Unaweza kukisia kilichofuata? Wanaume wanne waliovaa mipira mwili mzima walimfunga Mama Rehema kwenye plastiki, wakamnyunyizia klorini, wakamfukia kama mzoga. Hakuna aliyeimba. Rehema alisimamishwa mbali, peke yake, na hapakuwa na mtu mmoja aliyemshika mkono kumpa pole. Binti wa mwanamke aliyenyonyesha nusu ya watoto wa mtaa ule! Maembe ya Wema yakarudishwa kutoka Garsen magunia kwa magunia. Nao vijana wakaubeba moto wakaenda kwenye mkuyu. Waliuchoma mti na popo wake, wakawaokota waliokuwa bado wanapapatika kwa mikono mitupu, wakipiga picha za simu. Watatu waliumwa. Walikuwa wakicheka.

Jioni ya siku ya pili Daktari alinituma nitege tena palepale, eti zahitajika sampuli zaidi. Nilikuwa na Komora, dereva wetu, mzaliwa wa Wema. Yeye alibaki garini, mimi nikashuka ukingoni. Jua lilikuwa linazama na mkuyu ule ulikuwa bado unafuka. Alinaswa popo mmoja tu. Nilivaa glavu nene, nikamshika, nikajaza fomu, nikatia sahihi chini yake. Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu:

"Nipe nimwone."

Niligeuka. Alikuwa Mama Rehema.

Niamini. Sikumfananisha na mtu. Alivaa gauni lilelile la kitandani, limelowa, na harufu ya klorini ilinichoma pua mpaka machozi yakanitoka. Kwenye mkono wake wa kushoto, ndani ya kiwiko, plasta yangu ilikuwa bado imebandikwa. Nilitaka kukimbia. Nikabaki nimemshika yule popo.

"Huyu ndiye aliyeniua?" akauliza, akimtazama popo.

"Hapana, mama."

"Huyu anakaa wapi?"

"Mtini."

"Na yule uliyemwandika?"

"Pangoni."

Akanisogelea. "Mimi nimezaliwa Wema, nimelima Wema, nimezaa Wema. Hapa ni tope na mto. Nionyeshe pango."

Ningemwonyesha nini? Wema hakuna pango, hata la panya.

"Nakuuliza wewe! Ulinishika mkono huu. Kadi uliiona. Kwa nini uliandika uongo?"

"Niliogopa, mama. Kazi..."

"Mwanangu analala peke yake. Majirani wanapitia njia nyingine. Mimi sikuoshwa." Sauti yake haikutetemeka wala kuwa ya kizimwi, ilikuwa sauti ya mama mwenye hasira, ile inayokufanya uinamishe kichwa hata kama una mvi. Akaibandua plasta taratibu, akainama, akaibandika kwenye fomu yangu, juu ya sahihi.

Nyuma yangu nikasikia nyayo. Komora alikuwa amekuja na tochi. Kwa mazoea tu, kabla hajawaza, akasema, "Shikamoo, Mama Rehema." Kisha tochi ikamdondoka.

Mama hakuyeyuka. Wala hakugeuka popo akaruka, kama wanavyonitungia huko sokoni. Alimwitikia Komora marahaba, akapanda ukingo, akapinda nyuma ya migomba, na hakuonekana tena. Nilimwachia yule popo. Komora aliacha ufunguo ndani ya gari akaenda Garsen kwa miguu, na hajarudi kuendesha gari lolote la mradi.

Mimi nilikwenda kwa Rehema, fomu mkononi. Alifungua mlango nusu.

"Nimekuja kukupa pole," nikasema, nikanyoosha mkono.

Aliutazama. "Wewe ndiye uliyeandika?"

"Ndiye mimi."

"Basi usiniletee pole gizani. Kaseme kulekule waliposikia."

Alinipa kadi ya zahanati, akafunga mlango. Mkono wangu ulibaki hewani.

Nilisema. Mbele ya chifu, mbele ya Daktari aliyekuwa ananikatiza na kuniita kichaa, niliisoma kadi na kuwaeleza ni popo yupi na kwamba hakai pangoni. Wazee wengine waliinamisha vichwa. Mama mmoja alianza kulia, kisha wakaondoka kundi zima kwenda kwa Rehema. Siku chache baadaye majibu ya damu ya Mama Rehema yakaja: malaria, kama nilivyosoma. Mbu waliendelea kuuma siku zote hizo tulizopoteza kuchoma miti, na zahanati ilikuwa imeishiwa dawa bila mtu kuuliza.

Mkataba wangu haukuongezwa. Daktari alihamishiwa mahali pazuri zaidi. Ndiyo, pazuri zaidi! Wale walioumwa niliwasihi waende Hola wakachomwe sindano za kichaa cha mbwa, maana popo naye anaweza kubeba ugonjwa wa jamii hiyo. Wawili walikwenda. Wa tatu, Buya, alinicheka: popo ameshakufa, atanifanya nini? Mpaka leo nikimwona sokoni naangalia kama anakunywa maji vizuri, maana mwenye kichaa hicho huogopa maji. Na kila nishikapo kalamu kutia sahihi, hata ya kupokea kifurushi, klorini hunijaa puani. Rehema hunisalimu siku hizi, kwa mdomo tu. Mkono hajanipa, na simlaumu.

Sasa sikia, wewe unayesoma. Embe lenye alama ya meno litupe, lililo zima lioshe. Popo usimguse kwa mkono mtupu, awe hai au mfu. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi, ukimbie hospitali siku hiyohiyo. Usimchome mtini, ukimsumbua unajipaka mwenyewe mate na damu yake. Na kama kazi yako ni kuandika kilichomuua mtu, mtazame kwanza yule unayemshtaki, kisha mtazame na marehemu. Hujatazama? Weka kalamu chini. Sikuombi. Nakuonya.