Kaka Stefani na Simu ya Jumamosi Jioni

Kaka yangu Stefani ana mashine ya kusaga hapa Same mjini, nyuma ya stendi, na ana wivu. Mashine aliinunua. Wivu alizaliwa nao kule Suji, akashuka nao mlimani pamoja na godoro.

Mkewe, Hana, alipomwambia anataka kusoma digrii ya biashara, alikubali kabla chai haijapoa. Miezi ile ya mwanzo hakuna mteja aliyepimiwa mahindi pale bila kutangaziwa. "Mke wangu yuko chuo Moshi! Digrii!" anapaza sauti juu ya mngurumo, maana mashine imemla masikio na anadhani sisi wote ni viziwi. Mimi niliyeiacha diploma ya ugavi katikati nilikuwa palepale miguuni pake nafunga mifuko ya unga. Hakunitaja. Sikuumia. Basi, niliumia kidogo.

Na kweli shule ya shemeji ilileta faida. Alipofika kwenye somo la masoko alimfundisha kaka kuweka tangazo kwenye stetasi ya wasap. Sisi ni Wasabato, Jumamosi mashine imelala, kwa hiyo kila Ijumaa kaka anaandika: "Sabato njema. Kesho jua likizama tu, mashine inawaka," na saa ya jua kuzama anaitia hapo chini. Wateja wakaongezeka. Kaka akatembea kifua mbele kana kwamba jua lenyewe analizamisha yeye.

Halafu akaingia Anderson.

Hana huenda chuoni Alhamisi na Ijumaa, na Ijumaa jua likianza kuinama anakuwa ameshapanda basi la kurudi. Wenzake wa grupu wana kazi zao, hivyo wanakutana Jumamosi kujadili. Jumamosi hiyo Hana yuko kanisani, na simu zote za nyumbani ziko kabatini na vikombe vya wageni, zimezimwa sauti, tangu jana yake. Anderson ndiye kiongozi wa grupu. Akajitolea kumpigia kila Jumamosi, Sabato ikiisha, kumweleza walichojadili.

Basi tunaketi sebuleni kufunga Sabato. Wimbo mmoja, kaka anaomba, jua linazama huko nyikani. Amina. Hana anafungua kabati, simu inatetemeka tayari.

"Haloo, Anderson. Enhe, niambie. Hee! Kwa hiyo mtaji mmeupanga vipi?" Anacheka, anatoka nje na daftari.

Kaka anabaki anaangalia mlango.

"Huyu bwana ni Msabato?" aliniuliza siku moja.

"Mlutheri, nasikia."

"Mlutheri. Yuko Moshi. Anajuaje jua la Same limezama?"

Hata ningekuwa na jibu nisingempa, kwa sababu nilikuwa nafurahia.

Alitaka kumshtaki. Sisi Wapare tunajulikana, mtu atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Lakini alipopanga maneno ya kuwapelekea wazee wa kanisa, yakagoma. "Nitasema nini? Kwamba kijana anasubiri Sabato iishe ndipo apige? Si watamwombea baraka!"

Akabadili silaha. Akaanza kurefusha maombi. Mtu ambaye zamani aliomba kama anayepokonywa maiki, sasa aliombea mvua, tangawizi ya kule Mamba, mpunga wa kule Kihurio, madereva wa barabara kuu na waliolala njaa nchi za mbali. Kabatini simu inatetemeka mpaka vikombe vinagongana, naye ndiyo kwanza anaingia kwa wagonjwa. Daudi, mtoto wao, analala usingizi kabisa. Anderson hakukata tamaa. Akikosa, anapiga tena.

Mashineni habari ilishafika, nadhani niliifikisha mimi. Nashilu, mama wa Kimaasai anayetuletea mahindi kutoka nyikani, alimwangalia kaka akichungulia kwa dirisha la mashine uani kwetu, Hana anapoongea na simu. Kaka hasikii neno, anaona meno tu.

"Stefani," Nashilu akamwambia, "sisi tunachunga ng'ombe. Wewe unachunga simu?"

"Nenda zako, mama, unga wako tayari."

"Ng'ombe nikimchunga ananipa maziwa. Simu inakupa nini?"

Kaka akaongeza moto wa mashine.

Hana alikuwa mwaka wa tatu, amebakiza kitu kimoja: grupu yao kusimama mbele ya mhadhiri na kueleza mpango wa biashara. Wenyewe wanaita prezentesheni. Asiyekuwepo anapata sifuri na anarudia mwaka. Ilikuwa ifanyike Alhamisi. Shemeji alikuwa akiamka alfajiri kuyasema maneno yake kwa masufuria, na nilimsikia, alikuwa mzuri kuliko nilivyowahi kuwa mimi. Nikamwonea wivu nikiwa kitandani.

Jumamosi ya kabla yake, maombi yalikuwa mafupi. Nikashangaa. Amina, Hana akaenda kabatini, kabati limefungwa.

"Baba Daudi, ufunguo?"

"Sijui umeangukia wapi."

Ndani, vikombe vinagongana. Vikanyamaza. Vikagongana tena. Kaka akageukia dirisha na kusema leo kuna upepo.

Hana alikuwa amechoka, na alishajua vita hivi mwisho wake ni kelele. "Haya. Atanisimulia kesho." Akaenda kumlaza mtoto.

Jumapili, mwanga ndiyo kwanza unapanda juu ya milima, pikipiki ikasimama mbele ya mashine. Kaka alikuwa ndani anakung'uta pumba, mweupe kuanzia kope. Mimi ndiye niliyetoka. Nilikuwa nimejiaminisha Anderson ni mfupi, ana kitambi, wivu wa kaka ni wa bure. Kijana akavua helmeti. Jamani. Mrefu, na meno yale! Nikasema moyoni, pole kaka, ulikuwa na haki.

"Samahani, hapa ni kwa Hana? Ni Anderson. Prezentesheni imesogezwa, ni leo! Mhadhiri anasafiri, alitutangazia jana mchana. Nimepiga simu tangu jana jua linazama!"

Hana alitoka na khanga begani. "Leo? Leo saa ngapi?"

"Saa tatu. Basi la Coaster la asubuhi linasubiri lijae, hatutawahi. Panda twende. Sehemu ya hesabu za mashine unaijua wewe peke yako, bila wewe wote tunaanguka."

"Picha na maelezo yangu yako kwenye simu," Hana akasema. "Simu iko kabatini."

Kaka alikuwa amefika mlangoni. Akaingiza mkono mfukoni, hakupapasa, hakutafuta, akatoa ufunguo.

"Kumbe uliangukia mfukoni," Hana akasema, akauchukua.

Alipokuwa ndani anavaa, kaka alimsogelea kijana. "Wewe. Jua la Same unalijuaje?"

Anderson akashangaa. "Si wewe unaliandika, kaka? Hana alitupa namba ya mashine, hata jana niliipigia haikupokelewa, mpango wetu wa biashara unahusu mashine hii. Kila Ijumaa naangalia stetasi yako."

Unga ulimsaidia kaka, huwezi kujua uso umebadilika rangi gani chini ya unga.

Hana akatoka na gauni la kanisani, akaitazama pikipiki, kiti kimoja kirefu nyuma ya mgongo wa Anderson. Akamtazama mumewe. "Nipande, nisipande? Sema sasa."

Kaka alikuwa na pumzi moja tu ya kuamua. Nilimwona akiupima mgongo ule, kisha barabara, kisha uso wa mkewe.

"Panda," akasema. "Ila mimi nakaa katikati."

Wakaondoka mshikaki, Anderson mbele, Hana nyuma, na katikati kaka yangu na unga wake, akiacha moshi mweupe mpaka barabara ya Mwanga.

Walifika. Nasikia kaka alikaa kiti cha mwisho darasani na mhadhiri akauliza yule mweupe ni nani. Hana akajibu, "Ni mume wangu. Mashine ni yake." Grupu ikafaulu. Joho litavaliwa mwezi wa kumi na mbili, na mimi bado nafunga mifuko.

Ufunguo wa kabati sasa unaning'inia kwenye msumari, watu wote wanauona. Wivu haujaondoka, Anderson akipiga kupanga mambo ya mahafali, kaka anaipeleka simu mwenyewe, ameishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

Nashilu alipohadithiwa safari ile alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja.

"Pikipiki inakimbia, mtu lazima ashike kiuno cha aliye mbele. Sasa Stefani, kutoka hapa mpaka Moshi, nani alimkumbatia Anderson?"

Kaka akawasha mashine.