Ujumbe wa Mueda uliokaa miezi minane kwenye taka

Saa mbili asubuhi, Hosiana Kaleb anasoma tangazo la dawa ya kuotesha nywele. Limeandikwa Kirusi. Haelewi hata neno moja, lakini analifuata kwa kidole mpaka mstari wa mwisho, akitafuta kama kuna jina la mtu humo ndani. Halipo. Analifuta, anafungua linalofuata.

Yamebaki sitini na manane. Hatagusa kazi nyingine mpaka ayamalize.

Hosiana, 31, ni fundi wa tovuti. Ofisi yake ni chumba cha nyuma ya duka la madaftari mjini Korogwe. Wateja wake ni wakulima wa mboga wa Bungu, wauza asali wa Kang'ata kule Handeni, shule mbili tatu na kwaya. Mwezi mzuri humwachia kama laki nne. Mwezi mbaya hupata kodi ya chumba, basi.

Sehemu kubwa ya kazi yake ni programu-jalizi, ambazo mafundi huziita plagini: vipande vilivyotengenezwa tayari na watu wengine, vya kuongeza kwenye tovuti ili ipokee oda, ionyeshe picha au ipokee ujumbe.

"Ni kama suruali ya mtumba," anasema. "Imeshonwa mbali, kwa mtu usiyemjua. Mimi napunguza kiuno, nakata urefu, nabadilisha vifungo, mpaka imkae mteja wangu."

Miaka mitatu iliyopita, vijana waliokulia kwenye kambi za mkonge za Ngombezi waliamua kuwa na tovuti ya wazee wao, manamba walioletwa kutoka mbali kuja kukata mkonge. Hosiana, naye mtoto wa kambi hizo, aliitengeneza bure. Aliweka majina, picha, na fomu ya kuandika ujumbe kwa yeyote atakayemtambua ndugu yake.

Mzee Nicolaus Nandonde ndiye aliyekuwa na hamu kuliko wote. Alitoka Mueda, Msumbiji, mwaka 1959, akiwa kijana wa miaka kumi na saba. Nyuma aliacha mdogo wake wa kike, Filomena, na tangu hapo hakupata habari zake.

"Aliniambia, 'Andika na jina la Filomena. Akiliona atajua ni mimi,'" anakumbuka Hosiana. "Nikaliandika chini ya picha ya mzee."

Fomu ilipoanza kufanya kazi, matangazo yakamiminika. Siku moja aliyahesabu: mia mbili na arobaini, yote kutoka nje ya nchi. Vijana wa Ngombezi wakalalamika. Basi Januari mwaka jana, Hosiana akaongeza plagini ya kuzuia ujumbe taka, akaingia kwenye mipangilio yake, na mahali palipouliza ujumbe upokewe kutoka nchi zipi, akaweka tiki moja tu: Tanzania.

"Ilikuwa kazi ya dakika moja," anasema. "Nilifurahi, kwa sababu simu zao za malalamiko ziliisha siku hiyo hiyo."

Alikuwa akienda Ngombezi kumwona mama yake, na kila mara Mzee Nandonde alimsimamisha. "Mjukuu wangu, kuna chochote kimeingia?" Hosiana alifungua simu mbele yake, akaangalia. "Hakuna, babu." Alimjibu hivyo Aprili. Alimjibu hivyo Juni. Agosti mzee akafariki, akiwa na miaka themanini na mitatu.

Novemba nafasi ya tovuti ikajaa. Hosiana akaingia kwenye hifadhi ya ujumbe taka, ulikotupwa wote wa nje ya Tanzania, ili aisafishe, na katikati ya matangazo akaona neno "Nandonde". Ujumbe ulikuwa wa tarehe 11 Machi, na umeandikwa kwa Kiswahili:

"Naitwa Joaquina. Bibi yangu Filomena anamtafuta kaka yake, Nicolaus Nandonde, aliyekwenda kukata mkonge Tanganyika. Tumeona picha kwenu. Kama ni yeye, mwambieni Filomena yu hai."

"Nilisoma mara tatu," anasema Hosiana. "Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Machi mpaka Agosti. Alikuwa na miezi mitano ya kuongea na dada yake, na mimi nilikuwa namwambia hakuna."

Siku mbili hakula vizuri. Siku ya tatu aliuchapisha ule ujumbe kwenye karatasi, akaupeleka Ngombezi kwa Mwaija, binti mkubwa wa marehemu. Alimweleza yote, pamoja na ile tiki.

Mwaija anasema hakumgombeza. "Ningemgombeza nini? Alikuja mwenyewe, akaniambia kwa mdomo wake. Angeweza kuufuta na nisingejua kamwe." Anakunja kanga yake mapajani. "Lakini siwezi kusema haikuniuma. Baba alikufa akiamini kwao wameisha."

Walipiga simu pamoja, kwa namba ambayo Joaquina aliijaza kwenye fomu. Joaquina ndiye aliyepokea, na Mwaija ndiye aliyetoa habari ya msiba. Hosiana alikaa pembeni akisikiliza kilio cha Bibi Filomena kutoka upande wa pili.

Tangu hapo amerudi kwa kila mteja, Bungu mpaka Kang'ata, kukagua mipangilio bila malipo. Ujumbe taka sasa anausoma mwenyewe, mmoja mmoja. Wenzake wanamwambia anapoteza muda. Hawabishii.

Julai, Bibi Filomena anatarajiwa Korogwe pamoja na mjukuu wake, kuliona kaburi la kaka yake. Mwaija ameandaa chumba. Hosiana ameomba awe yeye wa kumpokea stendi, kwa sababu bibi bado hajui habari ya ile tiki. Mwaija alijitolea kumwambia kwa niaba yake, Hosiana akakataa.

"Nitamshika mkono, nimpe shikamoo," anasema. "Halafu nitamwambia mimi ni nani. Akitaka kuuvuta mkono wake, nitamwachia."