Laini Mbili na Sufuria ya Mama

Kazi yangu ni kurekebisha makosa ya watu nisiowajua. Nikiulizwa kwa haraka, hivyo ndivyo ninavyojibu. Jibu refu ni kwamba kuna mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayoamsha mashine na kuitawala, ambao watu wa nchi nyingi tunauandika pamoja na kuutoa bure. Unakaa ndani ya ruta nyingi, vile visanduku vya intaneti vyenye taa zinazopepesa. Mimi nimepewa sehemu ya mtandao: pakiti, vile vipande vidogo ambavyo sauti au ujumbe hukatwa ili usafiri, zinaingia wapi, zinatokea wapi, na kwa nini zimepotea. Naifanyia Gisenyi, katika nyumba ya chumba kimoja na sebule, si mbali na bariyeri, lango la mpaka wa Rwanda na Kongo. Nimechoka. Naanza na hilo ili lisimshangaze mtu huko mbele.

Mama yangu anaishi Goma, ng'ambo ya bariyeri hiyohiyo. Ukitembea bila kusalimiana na watu unafika kwake kabla jasho halijakauka, ila mpaka ukifungwa, na hufungwa pale unapouhitaji zaidi, anakuwa mbali kama mtu wa Ulaya. Anaishi peke yake. Hali ya upande ule ikichafuka mimi silali, nakaa nasikiliza. Kwa hiyo kwa muda mrefu nilikuwa na ombi moja tu kwake: avuke, aje akae na mimi. Na yeye alikuwa na jibu moja tu.

“Tutaona,” alisema.

Mama akisema “tutaona” amekataa. Ila sababu hakuitoa, na kwetu sababu haziombwi. Lazima nieleze kidogo. Mama hamwambii mtu mzima neno zito usoni. Tangu nikiwa mdogo, akiwa na jambo na baba, au na mimi, au na shangazi aliyekuja kutembea akasahau kurudi kwake, alikuwa analiambia sufuria. Anakoroga maharage, anasema: “We sufuria, watu wengine wanakula tu, hawaulize makala inatoka wapi.” Makala ndiyo mkaa. Na sote tuko palepale, tunasikia. Kesho yake shangazi ananunua mkaa. Hakuna aliyegombana na mtu. Baba alikuwa akisema nyumba ile ilitawaliwa na sufuria, na alikuwa hatanii sana.

Sasa, simu haina sufuria. Kwenye simu mama alikuwa mkavu. Uko muzima? Niko muzima. Umekula? Nimekula. Bon. Anakata. Kiswahili changu chenyewe kinamchekesha, maana nilisomea Tanzania, na anasema naongea kama redio. Nadhani kuna mambo ambayo mtu hawezi kuiambia redio.

Basi hitilafu ikaanza. Watu wa hapa tuna tabia ya laini mbili, moja ya Rwanda na moja ya Goma, kwa sababu minara ya Goma inatufikia hadi sebuleni. Wengine wanaziweka kwenye simu moja. Mimi, fundi, nikaziweka kwenye ruta moja, modemu mbili, kila laini na modemu yake, ili laini moja ikilegea ruta ihamie nyingine yenyewe. Nilijiona mjanja sana. Ruta na mashine zangu za majaribio nilizipanga juu ya kiti cha pili, kile cha dirishani, kwa sababu mawimbi ya Goma yanakamatika hapo tu. Viti ninavyo viwili.

Mama alikuwa na kawaida ya kunipigia mchana, maharage yakiwa motoni, kwa ile programu ya simu ya intaneti. Siku hiyo tulipofika kwenye “umekula”, nikajibu, na yeye akasema, “Allo?” Nikajibu tena. “Allo? We mutoto, allo?” Mimi nilimsikia vizuri kabisa, hadi mfuniko ukigonga. Yeye hakusikia kitu. Akakata. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Sauti yake inakuja, yangu haiendi.

Nikafanya kile ninachofanyia watu wengine. Nikaandika ripoti na kuituma kwa wenzangu wa mbali. Mmoja akajibu kwa adabu kwamba huko kwake kosa halitokei. Mwingine akajibu kwamba labda ni simu ya mama. Nikatuma rekodi za pakiti. Wakasema rekodi zinaonyesha pakiti zimetoka, kwa hiyo tatizo ni la kampuni ya simu. Yewe. Mtu akikuambia pakiti imetoka wakati mama yako anaita “allo” kama mtu aliyesimama kwenye nyumba tupu, unataka kufunga mashine na kwenda kijijini Mudende kulima viazi. Lakini nilifungua mashine tena. Nilibadilisha mstari mmoja, nikasubiri mfumo ujengwe upya, nikaupakia kwenye ruta, nikasubiri mama apige. Halafu mstari mwingine. Wanasema subira huvuta heri. Yangu ilivuta maumivu ya mgongo.

Katikati ya hayo mama akaacha kukata simu.

Nilikuwa nimeinamia skrini natazama pakiti zake zikiingia, moja baada ya nyingine, na sauti nimeiacha wazi kwa ajili ya majaribio tu. Akasema allo yake, akangoja. Kisha nikasikia mwiko ukikwaruza ndani ya sufuria, na akasema kwa sauti yake ya nyumbani, ile niliyokuwa sijaisikia tangu nihame: “Bon. Sufuria, ameenda tena. Tuongee sisi.”

Wakaongea. Akaliambia sufuria habari za jirani aliyemwoza binti yake kwa mtu mwenye meno mengi. Akaliambia kwamba kwaya imempa nafasi ya mbele na magoti hayataki. Nilicheka peke yangu. Siku iliyofuata hakuita allo hata mara mbili. Nikajikuta nakula chakula cha mchana na mama, kila siku, yeye akiongea na mimi nikitafuna, kama zamani. Sikumwambia kwamba nasikia. Ningemwambia kwa njia gani, na hanisikii? Ningeweza kutuma ujumbe, ndiyo, au kumpigia simu ya kawaida. Sikutuma. Nilikuwa na furaha, na furaha kwangu si kitu cha kuchezea.

Halafu siku moja ikaja zamu yangu.

“Sufuria,” akasema, “huyu mutoto anasema niende kukaa kwake. Unakumbuka nilienda? Alinipokea muzuri. Alinunua sambaza, ile samaki ndogo ya Rubona, akaharibu kuikaanga, lakini alinunua. Donc nikatafuta pa kukaa. Kiti ziko mbili. Moja yake. Moja iko ya mamashini. Nikakaa ku kitanda, siku yote, sawa mugonjwa mwenye watu walikuja kuangalia. Hakuona. Anapenda ile mamashini, sikatae, inamupa kula. Lakini mi siende mahali mwenye kiti yangu imeshakaliwa.”

Nikaweka kijiko chini. Nilimkumbuka alivyokuwa amekaa pembeni ya kitanda changu na mkoba mapajani. Nilidhani amependa godoro. Niliumia, tena niliumia kweli, na papo hapo nikakasirika, kwa sababu mashine zile zilikuwa pale kwa ajili yake. Nikiziondoa dirishani, laini ya Goma inapotea, na kosa linajificha, na siwezi kulirekebisha. Nikajiambia: kwanza nimalize kosa, kisha kiti. Wewe unayefanya kazi za namna hii unajua “kwanza nimalize” inachukua muda gani.

Kosa nililipata, mwishowe, na lilikuwa dogo la kuudhi. Simu inapoanza, ruta inajiandikia kumbukumbu: mazungumzo haya yanapita laini ya Goma, kwa anwani ya Goma. Laini ya Goma ikilegea, ruta inahamia ya Rwanda, ila kumbukumbu ile haiifuti. Sauti yangu ikawa inatokea mlango wa Rwanda ikiwa na anwani ya Goma, na kampuni yoyote yenye akili inaitupa pakiti ya namna hiyo. Kwa wenzangu wa mbali haikutokea kwa sababu kwao laini ikifa inakufa. Hapa kwetu laini haifi, inazimia. Sauti ya mama iliendelea kuingia kwa mlango wa zamani. Na kumbukumbu hiyo hufutika yenyewe ikikaa kimya kwa muda, lakini kila pakiti inayoingia inaipa uhai upya. Yaani mama alikuwa anaongea, na kwa kuongea kwake kosa likaendelea kuishi. Angenyamaza kidogo tu, angenisikia.



Marekebisho yenyewe yalikuwa mistari michache: njia ya kutokea ikibadilika, sahau anwani ya zamani. Kuwashawishi wenzangu ndiyo ilikuwa kazi. Mmoja aliogopa mistari ile itakata mazungumzo ya watu wengine. Mwingine alitaka jina la kigezo libadilishwe, likabadilishwa, akataka lirudishwe. Nikarudisha. Sikuwa na nguvu ya kubishana, na nadhani huo ndio ustadi mkubwa kuliko wote katika kazi hii. Hatimaye wakaikubali, na yule aliyeshuku simu ya mama akanishukuru kwa uvumilivu. Ripoti nyingine mpya ilikuwa tayari imeandikwa jina langu. Inahusu majina ya tovuti, nilisoma mstari wa kwanza nikaifunga.

Mchana mama akapiga.

“Uko muzima?”

“Niko mzima, mama. Unanisikia?”

“Nakusikia. Umetengeneza?”

“Nimetengeneza.”

“Bon. Iko muzuri. Umekula?”

“Bado. Mama, utakuja?”

“Tutaona.”

Laini ilikuwa safi. Kwenye skrini hakuna pakiti hata moja iliyopotea, na hakuna hata moja iliyokuwa na neno ndani yake. Nilisikia maharage yakichemka upande wa pili. Nikahisi uchovu wote wa miezi ile umenikalia mabegani kwa pamoja, na nilitaka kulia, mtu mzima mimi. Nikabonyeza kitufe cha kuzima kipaza sauti changu.

“Allo?” akasema mama. “Allo?”

Nikangoja.

“Aa. Ile ugonjwa imerudi.” Mfuniko ukagonga. Mwiko ukakwaruza. “Bon, sufuria, tuseme sisi. Huyu mutoto amechoka. Sauti yake imechoka sawa ya mutu ametoka kulima shamba ya mwingine. Anafikiri mi niko nasikia maneno tu. Kama kungekuwa na kiti, ningeenda nikae karibu yake. Asifanye kitu, na mi nisifanye kitu.”

Nikainuka. Nikaishika ruta kwa mikono miwili, modemu zikining'inia, nikaiweka sakafuni karibu na ukuta. Kisha mashine ya kwanza ya majaribio, kisha ya pili. Taa ya laini ya Goma ikafifia ikazimika, ya Rwanda ikawaka. Sauti ya mama ikaruka silabi moja ikaendelea. Kwa hiyo marekebisho yanafanya kazi, nikawaza, na hilo halikunigusa sana. Nikapangusa kiti kwa mkono wa shati. Nikawasha kipaza sauti. Birika langu lilikuwa juu ya meza, baridi, na nikaliambia hilo, kwa sauti ya kumfikia mtu wa chumba cha pili:

“We birika, kile kiti cha dirishani sasa kiko wazi. Hakina kitu juu yake. Na hakitawekwa kitu.”

Upande wa pili mwiko ukasimama. Maharage tu ndiyo yaliyosikika.

“Sufuria,” akasema mama polepole, “nilikuambia huyu anasikia. Tangu siku ya kwanza nilikuambia.”

Halikuwa neno langu la kujibu.

“Donc tunavuka Jumamosi, mi na we. Ule birika amuambie asinunue sambaza. Nitakuja nayo.”

Akakata bila kuaga, kawaida yake. Nikakaa kwenye kiti cha dirishani, ambacho nilikuwa sijawahi kukikalia tangu nikinunue. Kilikuwa bado na joto la mashine.