Sare Iliyonitosha

Kila nikisikia harufu ya chapati asubuhi ya Krismasi, shingo yangu hukakamaa kidogo, kama ya mtu anayesubiri kudanganywa. Wengine hukumbuka furaha. Mimi namkumbuka Mama Nekesa wa Burumba, niliyemshuku kuliko mtu yeyote niliyekutana naye utotoni.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama yangu alikuwa akitoa karanga kwetu Kumi, Uganda, na kuziuza Busia upande wa Kenya, na Mama Nekesa ndiye aliyekuwa mteja wake mkubwa. Wiki moja kabla ya Krismasi mama alinivusha mpaka, akaniacha kwa Mama Nekesa, mtaani Burumba, akasema anakwenda Eldoret kutafuta mzigo wa nguo na atarudi upesi. Yeye nilimwamini. Wenyeji wangu sikuwaamini hata kidogo. Kwanza walizungumza Kiswahili, ambacho nilikielewa lakini kwetu nilikisikia kwa askari tu, kwa hiyo niliogopa hata waliponikaribisha chai.

Halafu kulikuwa na ile simu. Kila jioni Mama Nekesa alitoka nayo nyuma ya jikoni, akanong'ona. Nikitokeza, alinyamaza na kunitabasamia mno. Watu wazima hawatabasamu vile bure, hilo nilikuwa nalijua tayari.

Siku chache kabla ya sikukuu alitupeleka kwa fundi wa nguo, mimi na binti yake Nekesa, ambaye tulilingana umri. Tukapimwa magauni ya Krismasi. Kisha fundi akanipima tena mimi peke yangu, kiuno, mabega, mikono.

"Hii nyingine ni ya nini?" nikauliza.

"Fundi amesahau namba," akasema Mama Nekesa.

Fundi, ambaye namba zote alikuwa ameziandika daftarini, akainama kutafuta sindano.

Siku ya Krismasi, tulipotoka kanisani, nilitumwa chumbani kuleta sahani za wageni. Chini ya sahani, kabatini, zilikuwapo sare mbili za shule, sketi za buluu na blauzi nyeupe. Moja ilikuwa ya Nekesa. Ile ya pili niliijaribu juu ya gauni langu jipya, ikanitosha kabisa. Sare ya shule yangu kule Kumi ilikuwa ya waridi. Nilikaa sakafuni. Nikajua wamepanga kunibakiza kwao.

Mezani, Baba Nekesa alichukua firigisi ya kuku, kipande ambacho pale, na kwetu vilevile, ni cha mwenye nyumba peke yake, akaiweka kwenye sahani yangu.

"Kula, mama. Leo ni yako."

Nekesa aliduwaa. Mimi nikaona sasa wananihonga. Niliila, maana shaka ni shaka na njaa ni njaa, lakini asante sikutoa, na kuanzia siku hiyo mkewe aliniita mara tatu ndipo niitike.

Mama alirudi Januari, shule zikiwa karibu kufunguliwa. Alikuwa amekonda na alitembea ameshika tumbo. Mama Nekesa alimkumbatia mlangoni akalia kwa sauti mpaka majirani wakatoka. Mimi nilisimama nyuma ya mama nikimtazama, nikafurahi. Nilidhani analia kwa sababu mpango wake umeharibika.

Nilikuwa sekondari mama aliponieleza. Eldoret hakukuwa na mzigo wowote wa nguo. Alikwenda kupasuliwa, na madaktari walikuwa wamempa matumaini kidogo sana. Simu za jioni zilitoka kwake wodini. Ni yeye aliyewaomba wale watu kwamba asiporudi, niwe mtoto wao, na nisikose shule hata siku moja. Na wao walikuwa wamejiandaa, mpaka blauzi.

Mwaka jana nilikwenda Burumba kumwomba Mama Nekesa msamaha. Nilimwambia yote, hata ile furaha yangu ya mlangoni. Akaendelea kupepeta karanga zake.

"Mimi nilikuwa naona tu vile unaninunia," akasema. "Na kila ukininunia, nilikuwa nashukuru Mungu. Nasema, huyu bado ako na mamake. Kama ungeanza kunizoea hizo wiki, ningeogopa sana."